Bwawa la Uani Mpapura: Kazi Yote Iko Ukingoni

Kila anayetamani bwawa dogo uani kwake huliona kwanza likiwa limejaa: maji yametulia, yungiyungi limechanua, perege wanapandisha midomo kuokota pumba. Hiyo ni picha ya Februari. Mpapura, kama ilivyo Mtwara Vijijini yote, ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 1,000 hivi. Kinachofuata ni jua, kusi na vumbi hadi msimu mwingine. Anayepanga bwawa kwa kuitazama Februari atakuwa na shimo la tope lenye uvundo ifikapo Oktoba. Namsihi msomaji apange kwa kuitazama Oktoba.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hawaifanyi. Tuseme familia inataka bwawa la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60. Ukubwa huo unatosha samaki wa kitoweo cha mara moja moja, mayungiyungi mawili matatu, na vyura wa kuimba usiku kucha. Uso wake ni mita za mraba 6. Kiangazi cha pwani yetu, penye jua na upepo, hupunguza maji yaliyo wazi kwa takriban milimita 5 kila siku. Milimita 5 juu ya mita za mraba 6 ni lita 30. Ni ndoo moja na nusu inayopaa angani kila siku, hata pasipovuja tone. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba zinakwenda zaidi ya lita 4,500, ilhali bwawa lenyewe, hata likichimbwa wima pande zote, halibebi zaidi ya lita 3,600. Kwa maneno mengine, bwawa linalokaa hadi mvua nyingine linakunywa maji yake yote na zaidi.

Nani atabeba ndoo hiyo? Swali hili lijibiwe kabla jembe halijagusa ardhi, maana lisipojibiwa mapema, jibu huwa ni mama mwenye nyumba au binti yake. Watu wa mkoa huu wanajua maana ya kubeba maji. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, vizazi vimeteremka makorongo na kupanda tena na ndoo kichwani, na mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 haukuwahi kumfikia kila mtu kwa uhakika. Ndiyo maana huko utakuta kaya zilizochimba mashimo na kuyasakafia kwa saruji ili yapokee maji ya paa. Hao wametangulia kutufundisha kwamba bwawa la uani linaanzia kwenye bati.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 1,000, linapokea lita 40,000 kwa mwaka. Toa sehemu moja ya tano inayorukia nje ya mfereji, inayoloweka vumbi na inayomwagwa makusudi mvua ya kwanza ili kuosha paa. Bado zinabaki lita 32,000. Tangi la lita 5,000 lililojaa Aprili linaweza kulilisha bwawa letu kiangazi chote, likisaidiwa na kivuli kidogo cha mchana. Asiye na tangi wala mfereji wa bati aanze na hivyo kwanza. Bwawa litasubiri.

Kuhusu wakati wa kuchimba, kalenda yetu ni korosho. Fedha huanza kuingia baada ya minada ya Oktoba na kuendelea, na mikono ya familia huwa shambani ikiokota korosho na kuzitenga na mabibo tangu Septemba. Kwa hiyo ni busara kuchimba Julai au Agosti, ardhi ikiwa kavu na kazi zikiwa chache, kisha kuliacha shimo likiwa limezungushiwa uzio, na kununua nailoni na mawe fedha ikifika. Mvua za kwanza zikute kila kitu kiko tayari.

Mahali pa kuchimba panahitaji macho zaidi ya mawili. Usiweke bwawa chini ya mkorosho wala mwembe. Majani yataoza ndani, na mizizi itatafuta maji mpaka itoboe. Lakini umbali peke yake hautoshi katika nchi ya korosho. Kati ya Juni na Septemba mikorosho hupuliziwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiriunga, na viuadudu dhidi ya mbu wa mikorosho. Viuadudu vingi vya aina hiyo ni sumu kali kwa samaki, hata kwa kiasi kidogo sana. Miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi, inayovuma kutoka kusini na kusini mashariki. Basi bwawa likae upande wa kusini wa mikorosho, ili upepo utoke bwawani kwenda mitini, na siku ya kupulizia lifunikwe kwa turubai. Asubuhi tulivu ya kupulizia ni nzuri kwa mkulima, ila jirani naye anapulizia, mwombe akuarifu.

Choo cha shimo kiwe chini ya bwawa kwa mteremko, kamwe kisiwe juu yake. Na aliye karibu na mto akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayetaka kuvuta maji ya mto kwenda bwawani aende kwanza ofisi za Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, zilizopo Mtwara mjini, kuuliza habari ya kibali.

Kisha udongo. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mchanga, mwekundu au mweupe, na mchanga haushiki maji hata uushindilie vipi. Mabondeni kuna mfinyanzi. Jaribio lake ni jepesi: chimba shimo la kina cha mkono, lijaze maji jioni mara mbili mfululizo ili kuta zishibe, halafu asubuhi tazama kimebaki nini. Yakibaki karibu yote, una mfinyanzi. Unaweza kushindilia sakafu na kuta kwa tabaka la sentimita 15 la udongo huohuo uliokandwa, ukapunguza gharama nyingi. Yakiwa yamekwisha, nunua nailoni ngumu ya bwawa, ile nene nyeusi. Turubai la kufunikia magari halifai; huchanika kwenye mikunjo kabla ya mwaka kuisha.

Kipimo cha nailoni huwachanganya watu, nao hukata fupi. Chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 30 kila upande kwa ajili ya ukingo. Kwa bwawa letu ni mita 3 na mita 1.2 na sentimita 60, jumla mita 4.8. Upana kwa hesabu hiyohiyo ni mita 3.8. Chini yake tandika mchanga laini au magunia ya zamani ili jiwe au kisiki kisitoboe. Kuna wanaopendelea zege, hasa tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kianze kazi Mtwara mwaka 2015. Zege ni zuri kwa fundi anayejua nondo, lakini ardhi ikijongea hupata ufa, na saruji mpya hutoa chokaa inayowaua samaki. Lijaze, liache wiki moja, limwage, na urudie mara kadhaa kabla ya kuweka kiumbe chochote.

Sasa tufike ukingoni, ambako mabwawa mengi ya uani huharibikia. Ukingo ni ule mduara wa nusu mita unaozunguka maji, mahali ambapo udongo, mguu wa mtoto, mdomo wa kuku na yai la mbu vyote hukutana. Watu humaliza nguvu na fedha kwenye shimo, halafu ukingo wakaupangia mawe yaliyobaki. Mimi ningefanya kinyume: shimo liwe dogo kuliko ulivyotamani, ukingo uwe bora kuliko ulivyodhani unahitaji.

Jambo la kwanza ni usawa. Maji hayadanganyi, ukingo ukiwa juu sentimita 5 upande mmoja, upande huo utaonyesha nailoni nyeusi iliyo tupu na upande wa pili utafurika. Usiamini jicho, kwa sababu uani kwako kuna mteremko ambao umeuzoea mpaka huuoni. Mafundi uashi wana mpira wa maji, bomba jembamba linalopitisha mwanga, la mita kumi hivi. Unaujaza maji mpaka mapovu yote yatoke, mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, mwingine anazunguka na ncha ya pili kigingi hadi kigingi. Maji ndani ya mpira yakitulia, uso wake kwenye ncha zote mbili uko usawa mmoja, na hapo unatia alama ya mkaa kwenye kigingi. Weka vigingi kila baada ya mita moja kuzunguka bwawa. Kazi hii inachukua nusu saa na inaokoa miaka. Povu moja likibaki ndani ya mpira, vipimo vyote ni uongo. Inua mpira uutazame dhidi ya anga kabla ya kuanza.

Palipo chini paongezwe tuta la udongo ulioshindiliwa. Palipo juu pachongwe. Ukingo wote hatimaye uwe juu ya ardhi inayouzunguka kwa sentimita 10. Sababu yake utaiona mvua ya kwanza ya Desemba, wakati maji ya uani yanapotiririka na mbolea ya mbuzi, jivu na mchanga wa njiani. Bwawa lililo sawa na ardhi linayapokea yote hayo.

Jambo la pili ni mkunjo wa nailoni, na hapa ndipo maji mengi hupotea bila mwenyewe kujua. Nailoni ikiishia chini ya mawe na kulala kifudifudi juu ya udongo, udongo huo hugusana na maji, na huyavuta kwenda nje kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Mwenye bwawa huona kiwango kinashuka kila siku, anatafuta tundu, anamwaga maji yote, hapati tundu. Dawa yake ni kuchimba kijifereji cha kina kidogo nyuma ya ukingo, kuipitisha nailoni juu ya tuta, kuiteremsha ndani ya kijifereji, kisha kuipandisha tena isimame wima nyuma ya jiwe la ukingo mpaka ivuke usawa wa maji. Ncha yake isimame kati ya jiwe na udongo. Jiwe lenyewe likalie nailoni, lichomoze kuelekea majini kwa sentimita 5 ili liifunike isipigwe na jua. Jua letu huikausha nailoni ikawa inakatika vipande, iliyofunikwa hudumu.

Jiwe gani? Hapa nina neno ambalo sitalipunguza. Pwani yetu imejengwa kwa matumbawe. Nyumba kongwe za Mikindani zimesimama kwa mawe hayo na chokaa yake. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu si kosa, na linapendeza ukingoni, kwani lina vitundu ambamo kangaga na kuvumwani huota vizuri. Tumbawe linalobomolewa baharini ni habari nyingine. Ghuba ya Mikindani imeumizwa kwa miongo mingi na uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa, na miamba ya mkoa huu imelipuliwa kwa baruti na wavuvi haramu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 650, ili kilichobaki kipone. Mtu akikuletea kwenye pikipiki mawe meupe mepesi, yenye chumvi na harufu ya bahari, mrudishe. Bwawa la kufugia uhai lisianze kwa kuua uhai kwingine. Matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, mawe ya machimbo, hata magogo ya minazi iliyokufa, vyote vinafaa.

Mbu ndiye anayetajwa kwanza kila mtu anaposikia bwawa uani, na hofu hiyo ni ya haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi ya malaria nchini. Lakini tuelewe mbu anakaa wapi. Bwawa lenye samaki na uso ulio wazi halimfai sana, kwani viluwiluwi vyake huliwa. Mbu wa malaria aina ya gambiae hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua visivyo na samaki: alama za kwato, nyayo za watu, tairi la baiskeli lililopita topeni. Bwawa lenye ukingo wa matope huzungukwa na mamia ya vidimbwi hivyo, na samaki hawawezi kuvifikia. Ukingo wa mawe uliozungushiwa kokoto kwa upana wa nusu mita huviondoa vyote. Mwenzake, funestus, hupenda maji ya kudumu yenye majani mengi pembeni, kwa hiyo matete na majani ya ukingoni yapunguzwe kila mwezi, yabaki mafungu machache ambayo samaki anaweza kuyapenya. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu katika joto letu. Asiyetazama kwa mwezi mzima amefuga kizazi zaidi ya kimoja. Viluwiluwi vya malaria utavijua kwa kulala sambamba na uso wa maji. Vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Palipo shaka, kuna kiwanda Kibaha kinachotengeneza dawa za kibaiolojia zinazoua viluwiluwi bila kudhuru samaki.

Kuhusu watoto nitasema kwa kifupi, kwa sababu jambo hilo halina mjadala. Sentimita 60 za maji zinatosha kumzamisha mtoto wa miaka miwili, na hata nusu yake. Uzio wa mianzi au fito wenye mlango unaojifunga ujengwe kabla maji hayajaingia. Ndani, upande mmoja, weka ngazi ya upana wa sentimita 30 iliyo chini ya maji kwa sentimita 20, ambayo pia ni kitalu cha mayungiyungi na magimbi, na mteremko wa mawe unaotoka majini mpaka juu. Kifaranga, kobe, mjusi, yeyote atakayetumbukia apate njia ya kutokea. Kuta zilizo wima pande zote huua kimyakimya, na mzoga mmoja unatosha kuharibu maji.

Gugu maji lisiingie kabisa, hata mtu akikupa kwa ndoo na kulisifia maua.

Samaki waje mwisho, maji yakiwa yamekaa wiki mbili na kuanza kuwa ya kijani. Kwa mita za mraba 6, perege 12 hadi 18 wanatosha. Ukizidisha, utawaona alfajiri wamejipanga juu wakihema, na hizo ni dalili za hewa kuwaishia majini. Perege huzaana mapema sana, bwawa likajaa vidagaa visivyokua, kwa hiyo wadogo wavuliwe mara kwa mara; wanafaa kukaangwa. Vifaranga na ushauri vitafutwe kwa wataalamu: FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, ina kampasi Mikindani, na Lindi kuna kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Nyengedi.

Usichukue samaki asiyejulikana kutoka kwenye lori. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za maziwa matatu madogo ya Lindi, Rutamba, Nambawala na Mitupa. Humo waliwakuta perege wa jamii ya Oreochromis korogwe, ambao makao yao yaliyojulikana ni kaskazini mashariki mwa nchi, mamia ya kilomita kutoka hapo. Wa kusini wana ukoo wao wa pekee, na tayari walikuwa wakichanganyika damu na sato waliopandikizwa na watu. Ukoo uliokaa peke yake kwa muda mrefu kuliko vijiji vyetu unaweza kupotea kwa sababu ya vifaranga vya mfuko mmoja. Pwani hii ina pia samaki wadogo wa rangi kali wa kundi la Nothobranchius, wanaoishi kwenye vidimbwi vya msimu tu; kidimbwi kikikauka wao hufa, mayai yao yakabaki kwenye tope kavu kusubiri mvua ijayo. Perege wa uani akimwagiwa kwenye kidimbwi hicho, anaweza kuwamaliza.

Ndiyo sababu ukingo unahitaji mlango wake wa mafuriko. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaleta mvua na upepo pwani yote ya kusini. Mvua ya milimita 50 juu ya paa letu la mita za mraba 40 huteremsha hadi lita 2,000 kwa mkupuo, zaidi ya nusu ya bwawa zima. Tangi likiwa tayari limejaa, maji hayo yote yanakwenda bwawani. Kwa hiyo paipu ya inchi 3 ipitishwe chini ya jiwe moja la ukingo, sentimita 5 chini ya usawa wa mawe mengine, mdomo wake ufungwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, na maji yake yaelekezwe kwenye migomba ndani ya shamba lako. Yasiende mtaroni, kwa sababu mtaro unakwenda bondeni, na bonde linakwenda mtoni. Wavu huo ukaguliwe na kutolewa majani kila baada ya mvua kubwa; ukiziba, maji yatapita juu ya mawe na samaki watapita nayo.